Kuiandaa akili kabla ya hatari: pumzi, taswira, mipango ya "ikiwa–basi" au mazoezi ya kuigiza?

Askari polisi anayeuliza namna ya kujiandaa kiakili kwa makabiliano ya hatari hupewa majibu manne, kwa kawaida yote kwa mkupuo mmoja: jifunze kupumua, jione akilini ukilikabili tukio, amua mapema utakachofanya, fanya mazoezi yanayofanana na kazi yenyewe. Hakuna jibu la uongo hapo. Tatizo ni muda. Mtu anayetoka zamu ya saa 12 hawezi kuyafanya yote manne ipasavyo, na mkufunzi aliyepewa siku mbili kwa mwaka kwa kila askari hali yake ni hiyohiyo. Inabidi kuchagua pa kuanzia.

Kamba hukatikia pabovu, na kila askari ana pabovu pake. Yuko anayetetemeka mwili mzima ilhali anajua la kufanya. Yuko aliyetulia kabisa lakini anaganda mlangoni kwa kuwa haoni aanze na lipi. Yuko anayeamua upesi na vizuri, kisha vidole vinagoma kwenye kifungo cha mkoba wa bastola. Njia iliyomwokoa mmoja inaweza isimsaidie mwenzake hata kidogo.

## Kwanza, mwili unafanya nini

Hatari ya ghafla humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hukimbia, vidole hupoteza wepesi, macho hung'ang'ania kitu kimoja na kuacha vya pembeni, masikio huweza kuzima. Alexis Artwohl, mwanasaikolojia wa polisi nchini Marekani, alikusanya majibu ya askari 157 waliowahi kufyatua risasi kazini na kuyachapisha mwaka 2002. Kati yao 84% walisema sauti zilififia, 79% walipoteza uwezo wa kuona pembeni, 62% waliona muda ukienda polepole, na zaidi ya nusu hawakukumbuka sehemu ya tukio. Watu hao hawakuwa waoga. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyo, na anayedhani kwake haitatokea ndiye itakayemshtua zaidi.

Kuna jedwali linalozunguka sana kwenye madarasa ya polisi: mapigo ya moyo yakifika 115 kwa dakika vidole vinaanza kugoma, yakifika 145 mambo yanazidi kuharibika, yakifika 175 akili inafunga. Lisichukuliwe kuwa sheria. Mapigo yaliyopandishwa na mbio hayafanani na yaliyopandishwa na hofu. Mkimbiaji mwenye mapigo 170 anaweza kufunga kamba za viatu bila shida. Askari anayeikodolea saa ya mkononi ili ajue kama "bado yuko salama" anapima kitu kisicho chenyewe.

## Vigezo vya ulinganisho

Kila njia tumeiuliza maswali yaleyale. Inashughulikia nini hasa? Inafanywaje? Inadai muda na vifaa gani? Huharibika wapi, na kwa nini? Ushahidi wake ukoje? Inamfaa nani?

Lipo swali jingine ambalo miongozo mingi hulipita kimya: je, inamsaidia askari *kutofyatua* pale ambapo hapastahili? Mwaka 2012 Arne Nieuwenhuys na wenzake, watafiti wa Uholanzi, walionyesha kwamba askari wakiwa na hofu huelemea upande wa kupiga, hata kwa mtuhumiwa anayejisalimisha. Nazo Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka katika kanuni ya 20 mafunzo yatilie mkazo utatuzi wa amani, uelewa wa tabia ya umati, ushawishi, majadiliano na upatanishi. Maandalizi yanayomwandaa mtu kupiga tu yamemwandaa nusu, tena ile nusu inayohitajika mara chache zaidi.

Kitu kimoja hakimo katika ulinganisho kwa sababu kinatangulia vyote: usingizi. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa kiwango cha mwenye pombe ya 0.05% kwenye damu. Kama zamu zimepangwa ovyo, anza na daftari la zamu. Kitakachofuata hapa chini hakiwezi kufidia hilo.

## 1. Kupumua kwa mpangilio

Inashughulikia nini. Mwili uliopanda. Pumzi ni kazi ya mwili inayojiendesha yenyewe lakini unaweza kuishika usukani wakati wowote, na kutoa hewa polepole huupunguza mwendo wa moyo. Haimfundishi mtu cha kufanya. Humpa utulivu wa kukifanya anachokijua tayari.

Namna ya kuifanya. Mitindo miwili inatosha. Wa kwanza ni wa pembe nne: vuta kwa sekunde 4, zuia 4, toa 4, subiri 4. Mizunguko minne ni kama dakika moja. Wa pili ni wa kutoa kurefu: vuta kwa pua sekunde 4, toa sekunde 6, yaani pumzi 6 kwa dakika. Jizoeze dakika 5 kila siku ukiwa huna shida yoyote, kisha uufunge na kitu unachokifanya kila zamu: kufunga mkanda wa gari, kuvuta breki ya mkono ukifika, kukamata redio kabla ya kuzungumza. Bila kufungwa na kitu, siku ya tukio hutakumbuka kwamba una mbinu hiyo.

Inagharimu nini. Hakuna kifaa. Dakika 5 kwa siku kwa wiki tatu au nne kabla haijawa tabia.

Inapoharibika. Kosa la kwanza ni kuvuta hewa nyingi mno na haraka mno. Kabonidayoksaidi hushuka kwenye damu, vidole vinawasha, kichwa kinazunguka, na askari anadhani hofu imezidi. Dawa yake ni kupunguza ujazo na kurefusha utoaji. La pili ni kuzuia pumzi baada ya kumkimbiza mtu: mwili unaodai hewa haukubali kuzuiwa, kwa hiyo acha pembe nne na utoe kurefu tu. La tatu ni kufumba macho kwa mazoea ya darasani. Jifunze ukiwa umesimama, macho wazi, ukiangalia mikono ya watu. Mwishowe, wapo wanaotaka kuitumia katikati ya mapambano. Mahali pake ni njiani kuelekea tukio, kwenye nafasi yoyote ya kutulia, na baada ya pingu kufungwa, wakati sauti inahitaji kushuka na redio inasubiri taarifa inayoeleweka.

Ushahidi. Kwamba pumzi ya polepole huutuliza mwili, hilo halina ubishi mkubwa. Kwamba peke yake huboresha uamuzi wa kupiga au kutopiga, hapo pana tahadhari. Majaribio yanayotajwa sana, yakiwemo ya Judith Andersen na Harri Gustafsberg kwa polisi wa Finland yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliichanganya pumzi na mazoezi ya matukio ya kuigiza, kwa hiyo sifa haiwezi kupewa pumzi pekee.

Inamfaa nani. Askari mwenye ujuzi ambaye sauti humpanda na mikono kumtetemeka. Na mwendesha redio wa kituo, ambaye husahaulika kwenye mafunzo haya ingawa hofu yake humfikia kila askari aliye barabarani kupitia spika.

## 2. Taswira akilini

Inashughulikia nini. Ugeni wa tukio. Ubongo unaokutana na jambo kwa mara ya kwanza hutafuta mfano wa zamani, ukikosa, unaganda. Taswira huweka mfano huo mapema. Pia hufundisha macho pa kukaa. Katika utafiti wa Joan Vickers na William Lewinski wa mwaka 2012, askari wa kikosi maalumu na wageni wa kazi walikabiliwa na mtu anayegeuka ghafla akiwa na bastola au simu. Macho ya wabobezi yalitulia mapema pale mkono ungetokea. Wageni waliyahamishia kwenye vilengeo vya bastola zao dakika ya mwisho, wakampiga mwenye simu mara nyingi zaidi.

Namna ya kuifanya. Andika tukio moja kwa maneno 150 hadi 200, kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo: "Nashuka, nafunga mlango taratibu, mkono wa kushoto uko kwenye tochi..." Mwaka 2001 Paul Holmes na Dave Collins, wataalamu wa michezo, walipendekeza kanuni ambazo polisi wamezichukua: taswira ifanane na kazi kwa mkao, mavazi, mahali, mwendo wa muda na hisia. Kwa hiyo usilale kitandani. Simama, vaa mkanda wa kazi, tumia muda halisi. Kama kufikia mlango huchukua sekunde 20 kazini, zichukue zote 20. Acha moyo upande kidogo. Taswira isiyopandisha chochote ni sawa na kusoma ratiba. Dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa wiki, tukio moja hadi uwe umelifanya bila kusita, kisha badilisha jambo moja tu: giza badala ya mchana, watu wawili badala ya mmoja, mtuhumiwa anayetii badala ya anayepinga.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika kila matukio matano unayoyapitia kichwani, angalau matatu yaishe bila nguvu kubwa: ameweka kisu chini, ametoa kitambulisho, ameanza kulia. Ndivyo kazi ilivyo kwa kawaida, na akili isiyowahi kupita njia hiyo haitaiona siku itakapofunguka.

Inagharimu nini. Karatasi na nusu saa kwa wiki. Mkufunzi akisaidia kuandika matukio ya mwanzo, makosa hupungua sana.

Inapoharibika. Mtu hujitazama kwa nje, kama anaangalia filamu ambayo yeye ni nyota. Taswira ya namna hiyo inafurahisha na haifundishi. Ione kwa macho yako mwenyewe, ukiona mikono yako. Wengine hupitia tukio linaloenda sawasawa mwanzo hadi mwisho, hivyo bastola ikikwama au redio ikizima akili haina ukurasa. Ingiza hitilafu moja, itatue, endelea hadi mwisho. Usiache kamwe taswira ikiishia kwenye kushindwa. Ukijiona umepigwa, jione ukisogea kwenye kinga, ukifunga jeraha, ukiita msaada.

Tahadhari mbili. Wapo watu ambao hawaoni picha yoyote akilini hata wakijitahidi. Hao watumie maneno na hisia za mwili, inafanya kazi. Na aliyetoka kwenye tukio baya, ambaye picha humjia bila kuitwa, asianze njia hii peke yake bila mtaalamu.

Ushahidi. Bengt Arnetz na wenzake waliwafundisha askari wapya wa Sweden taswira na mbinu za kujituliza kwa wiki 10. Katika tukio la kuigiza mwaka mmoja baadaye, waliofundishwa walifanya kazi vizuri kuliko wenzao. Kundi lilikuwa dogo, ila muda huo mrefu unaipa matokeo uzito.

Inamfaa nani. Askari wa kituo cha mbali asiye na uwanja wa mazoezi, aliye likizo ya ugonjwa, na mgeni wa kazi ambaye bado hajaona mengi.

## 3. Mipango ya "ikiwa–basi"

Inashughulikia nini. Kuchelewa kuamua. Mwaka 1952 mwanasaikolojia William Hick alipima jambo ambalo kila mkufunzi analijua kwa macho: machaguo yakiongezeka, muda wa kujibu hurefuka. Mpango wa "ikiwa–basi" huondoa baadhi ya machaguo kabla zamu haijaanza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeuchunguza sana tangu miaka ya 1990. Kiini chake ni kuunganisha ishara moja na tendo moja, ili ishara ikionekana tendo lisisubiri mjadala.

Namna ya kuifanya. Andika mipango mitano hadi saba, isizidi. Upande wa "ikiwa" uwe kitu kinachoonekana, kusikika au kuguswa. "Akiwa hatari" haufai, kwa sababu ni hukumu na wala si ishara. "Mkono ukiingia mfukoni" unafaa. Upande wa "basi" uwe tendo moja linaloanza mara moja.

Mifano inayosimama:

- Nikifika mlangoni, basi nasimama pembeni kabla ya kubisha.
- Mkono wake ukipotea machoni pangu, basi nasogea kwenye kinga na kusema: "Mikono nje, taratibu."
- Nikisikia mlio wa risasi, basi natafuta kinga kwanza, redio baadaye.
- Nikijikuta napiga kelele amri ileile mara ya tatu, basi nanyamaza, natoa pumzi, naibadilisha amri.
- Pingu zikifunga, basi simwachi kifudifudi: namlaza ubavu au namketisha.

Mpango wa mwisho unawalinda wote wawili. Mtu aliyelazwa kifudifudi, mikono nyuma, na uzito mgongoni anaweza kushindwa kupumua, na askari aliyetoka kwenye mapambano hana masikio ya kusikia kwamba mkoromo umebadilika.

Ukiisha andika, isome kwa sauti mwanzoni mwa zamu, kisha ifanye kwa mwili mara tatu nne bila silaha. Kila wiki mbili badilisha mmoja tu.

Inagharimu nini. Kadi ya mfukoni na dakika 2 kabla ya zamu. Hakuna njia rahisi kuliko hii.

Inapoharibika. Hapa pana hatari kubwa kuliko zote nne, kwa sababu njia yenyewe inafanya kazi. Usiufunge mpango wowote kwenye kufyatua risasi. "Nikiona kitu cheusi mkononi, basi napiga" ni sentensi fupi inayoweza kuua mwenye simu au pochi, na kuifanya iwe ya kujiendesha ndiyo kuifanya isisimamishike. Mipango iunganishwe na kusogea, kinga, maneno, umbali na redio. Uamuzi wa kutumia silaha ubaki kwenye sheria na kwenye kichwa kilichopewa sekunde mbili za ziada na hiyo mipango mingine. Makosa madogo ni haya: mipango 20 ambayo inarudisha utitiri wa machaguo, na mpango unaodai ustadi usiokuwepo. "Basi naibadilisha magazini kwa mkono mmoja" haina maana kwa asiyewahi kuibadilisha kwa mkono mmoja.

Ushahidi. Ni mpana kwa tabia za watu kwa jumla: mapitio ya Gollwitzer na Paschal Sheeran ya mwaka 2006 yalijumlisha majaribio 94 na kukuta athari ya kati hadi kubwa. Mengi ya majaribio hayo hayakuhusu polisi, kwa hiyo askari anaazima kanuni iliyothibitishwa kwingine.

Inamfaa nani. Anayeganda. Wawili wanaofanya doria pamoja, maana mipango ikisomwa kwa sauti kila mmoja anajua mwenzake atasogea upande gani. Na mkuu wa zamu anayetaka kubadili tabia moja ya kikosi kizima bila kuomba bajeti.

## 4. Mazoezi ya matukio ya kuigiza

Inashughulikia nini. Yote kwa pamoja: mwili, macho, uamuzi na ustadi vikiwa kazini kwa wakati mmoja, chini ya shinikizo. Wazo la kumzoesha mtu msongo kwa hatua lilijengwa na mwanasaikolojia Donald Meichenbaum katika awamu tatu: kuelewa msongo unavyofanya kazi, kujifunza mbinu, kisha kuzitumia katika hali zinazopanda ugumu polepole. Vikosi vingi huruka moja kwa moja hadi awamu ya tatu.

Namna ya kuifanya. Anza na usalama, kwa sababu mazoezi haya yameua askari kwa risasi za kweli zilizoingia bila kujulikana. Eneo lina mlango mmoja wa kuingilia na msimamizi mmoja wa usalama ambaye hana kazi nyingine siku hiyo. Kila anayeingia anapekuliwa mara tatu: anajipekua, anapekuliwa na mwenzake, anapekuliwa na msimamizi. Silaha za kweli, risasi, visu na dawa ya kuwasha hubaki nje kwenye sanduku lililofungwa. Aliyetoka hata kwa kwenda msalani anapekuliwa upya. Kinga ya uso, koo na sehemu za siri ni lazima kama risasi za rangi, yaani za mazoezi zinazoacha doa, zinatumika. Neno moja la kusimamisha zoezi linajulikana na wote, na yeyote anaweza kulisema.

Tukio lenyewe lisizidi dakika 3 hadi 5, na liwe na lengo moja lililoandikwa. Mwigizaji apewe sheria: askari akisema hivi kwa sauti ya utulivu, tii, akikukaribia chini ya mita mbili mikono ikiwa imejaa, mshike. Mwigizaji asiye na sheria hujaribu kushinda, na zoezi huwa mchezo wa kumwaibisha kuruti. Ugumu upande kwa ngazi: kwanza bila kelele, kisha kelele, kisha giza, kisha mtu wa pili.

Aliyepigwa risasi ya rangi haambiwi "umekufa, toka". Anaendelea hadi ajikinge au amalize. Tukimwondoa, tunamzoesha kuanguka anapoguswa. Na akishindwa, tukio hurudiwa siku hiyohiyo kwa ugumu mdogo hadi alimalize sawasawa.

Baada ya zoezi, swali la kwanza ni "uliona nini?", kisha "ulisikia nini?", ndipo "uliamua nini?" Ukianza na "kwa nini ulipiga?", unapata utetezi badala ya taarifa.

Inagharimu nini. Ndiyo njia ghali: silaha zilizogeuzwa ili zipige risasi za mazoezi tu, vifaa vya kinga, jengo, wakufunzi wawili hadi wanne kwa kundi la askari sita hadi wanane, na askari hao watoke kwenye zamu. Hata hivyo si lazima risasi za rangi. Bastola za plastiki na mwigizaji mzuri hufundisha sehemu kubwa ya kuzungumza, kusogea na kusoma mikono.

Inapoharibika. Kila tukio likiishia kwa kufyatua, kikosi hujifunza kwamba kila mlango una bastola nyuma yake. Katika matukio matano, matatu yasidai risasi kabisa. Ugumu ukizidi mapema, askari huondoka na hofu na si ujuzi. Pia mazoea ya uwanjani huenda kazini. Askari wanne wa doria ya barabara kuu ya California waliuawa Newhall Aprili 1970, na kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mmoja wao alikutwa na maganda ya risasi mfukoni kwa mazoea ya uwanja wa shabaha, ambako askari huyaokota baada ya kupiga. Kisa hicho cha maganda kimepingwa baadaye na waliolichunguza tukio upya. Lakini mkufunzi yeyote aliyewaona askari wakisubiri filimbi kabla ya kurudi kwenye kinga anajua kwamba tatizo lenyewe ni la kweli.

Ushahidi. Kwa kazi ya polisi, ndio wenye nguvu zaidi kati ya nne hizi. Raôul Oudejans na Nieuwenhuys, wakifanya kazi na polisi wa Uholanzi, walionyesha mwaka 2008 na 2011 kwamba waliofanya mazoezi dhidi ya mtu anayejibu kwa risasi za sabuni ya rangi hawakushuka tena shabaha walipowekwa kwenye shinikizo. Waliolenga shabaha zisizojibu waliendelea kushuka. Katika upande wa kutuliza hali, mafunzo yanayoitwa ICAT, yanayounganisha mawasiliano, tathmini na mbinu za kazi na yenye maigizo ndani yake, yalifuatiliwa katika polisi wa Louisville, Marekani, na timu ya mtafiti Robin Engel. Matukio ya kutumia nguvu yalipungua kwa takriban 28%, na majeraha ya askari kwa 36%.

Inamfaa nani. Vyuo, vikosi maalumu, na kituo chochote chenye mkufunzi mwenye nidhamu ya usalama. Pasipo na nidhamu hiyo, ni bora kutofanya.

## Zikiwekwa bega kwa bega

| | Pumzi | Taswira | Ikiwa–basi | Kuigiza |
|---|---|---|---|---|
| Pabovu panapotibiwa | Mwili | Ugeni, macho | Kuganda | Yote, pamoja na ustadi |
| Muda | Dk. 5 kwa siku | Nusu saa kwa wiki | Dk. 2 kwa zamu | Siku nzima kwa kundi |
| Vifaa | Hakuna | Karatasi | Kadi | Vingi |
| Hatari yake | Ndogo | Picha mbaya kuamka | Kufungwa kwenye risasi | Risasi ya kweli kuingia |
| Husaidia kutofyatua? | Kidogo | Ndiyo, ukichanganya matukio | Ndiyo, kwa kununua muda | Ndiyo, kama matukio yameandikwa hivyo |

## Uanze na ipi?

Umetoka chuoni, hujamaliza mwaka. Taswira, kwa matukio yanayoitwa zaidi kituoni kwako. Mwombe askari mzoefu akusahihishie maandishi. Atakuonyesha mlango uliousahau. Pumzi iongezwe baada ya mwezi.

Una miaka kumi kazini na unajua sauti yako hupanda. Pumzi, iliyofungwa kwenye breki ya mkono na kitufe cha redio. Pamoja nayo mpango mmoja tu, ule wa amri ya tatu.

Mnafanya doria wawili na gari moja. Ikiwa–basi. Iandikeni pamoja, mkubaliane nani anazungumza na nani anaangalia mikono. Wawili wanaopiga kelele amri tofauti humfanya hata anayetaka kutii ashindwe.

Wewe ni mkufunzi mwenye siku mbili kwa mwaka. Zitumie zote kwa maigizo, na muda wa darasani ugawe kidogokidogo mwaka mzima: kadi kwenye paredi ya zamu, taswira moja kwa mwezi. Kumaliza siku hizo mbili kwa mihadhara ya "roho ya mpiganaji" ni kupoteza nafasi pekee ya kumwona askari wako akiwa chini ya shinikizo kabla mtuhumiwa hajamwona.

Una bajeti ndogo na jengo bovu. Bastola za plastiki, chumba kimoja, waigizaji wawili waliopewa sheria, upekuzi wa mara tatu uleule. Acha risasi za rangi kwa sasa.

Unafanya kazi peke yako, msaada uko nusu saa. Ikiwa–basi zinazohusu umbali na kurudi nyuma, na taswira ambamo kusubiri ndio ushindi. Askari wa mjini hahitaji sana kujizoesha kuondoka, wewe unahitaji.

Umetoka kwenye tukio lenye risasi au kifo. Usichague lolote kati ya manne kwa sasa. Kanuni ya 21 ya Havana inataka askari waliohusika katika matumizi ya nguvu na silaha za moto wapatiwe ushauri nasaha wa msongo. Uombe kwa maandishi kama haukuletewa. Kikao kimoja cha lazima cha kusimulia yote mara baada ya tukio hakijaonekana kuzuia madhara ya baadaye, kwa hiyo asikulazimishe mtu. Usingizi ukirejea na picha zikipungua kujileta zenyewe, rudi na pumzi kwanza, kisha igizo jepesi lisilofanana na lile tukio, mkufunzi wako akiwa ameambiwa.